Kuhifadhi Wanyamapori Tukiwa Nairobi: Mwongozo Kamili kwa Familia na Majirani

Hapa Nairobi faru mweusi hula majani huku maghorofa ya katikati ya jiji yakionekana nyuma yake. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946 ikiwa ya kwanza nchini, ina kilomita za mraba 117 na ndege wa aina zaidi ya 400. Sifa hiyo ni ya haki, lakini imetuzoesha kuamini kwamba wanyamapori wako kule, nyuma ya ua wa stima, na kwamba kuwatunza ni kazi ya askari wa Huduma ya Wanyamapori (KWS) peke yao.

Tazama karibu zaidi. Kwarara anayepiga kelele juu ya bati alfajiri, popo wanaotoka kwenye paa la kanisa magharibi, kinyonga aliyejibanza kwenye ua wa kayaba, vyura wa mtaroni South B, kima wa City Park, kalunguyeye anayevuka barabara usiku kule Rongai: wote hao ni wanyamapori. Wanaishi kwetu, na wengi wao hufa kwa sababu ya mambo tunayoyafanya sisi bila kukusudia.

Mwongozo huu ni wa familia ya kawaida ya ploti au esteti, na wa kikundi cha majirani kisicho na mfadhili. Hatua zimepangwa kwa makusudi: jueni kwanza kilichopo, acheni kinachoua, kisha ndipo mpande. Vikundi vingi huanza na miche kwa sababu picha yake inapendeza, na miezi sita baadaye hakuna mche uliosalia. Mkibanwa na muda, fanyeni hatua mbili za kwanza tu. Mtakuwa mmesaidia kuliko wengi.

Hatua ya 1: Jueni mnaishi na nani

Chagueni mahali pamoja ambapo familia inaweza kukaa kwa utulivu. Roshani ya ghorofa ya nne inatosha. Ukingo wa uwanja wa esteti au daraja la mto ni bora zaidi. Kaeni hapo nusu saa, mara moja mapema asubuhi na mara moja jua linapokaribia kuzama, kila wiki siku ileile. Chukueni daftari la kawaida la shule mlichore safu sita: tarehe, saa, hali ya hewa, mnyama, idadi yake, na alichokuwa akifanya.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote. "Kunguru wawili" haiambii mtu mengi. "Kunguru amebeba kijiti kuelekea mlingoti wa simu" inaonyesha kwamba kuna kiota, na kwamba mwezi huu si wakati wa kukata matawi upande ule. Mwewe akishuka mara kwa mara mahali pamoja, huenda kuna rundo la taka lenye panya. Ndivyo orodha inavyogeuka kuwa mpango wa kazi.

Jina likiwashinda, andikeni maelezo: mkubwa kama nani, mdomo wa namna gani, anatembea au anaruka. Mkianza na kwarara, mwewe, korongo marabou wanaosimama juu ya migunga ya Barabara ya Mombasa, kuzi mwenye mgongo wa buluu unaong'aa na kifua cha rangi ya kutu, na chozi anayenyonya maua, mtakuwa na msingi mzuri. Kati ya Oktoba na Aprili angalieni pia wageni kutoka Ulaya na Asia, kama mbayuwayu, wanaokuja kukimbia baridi ya kwao.

Kila mtoto apewe mnyama wake wa kufuatilia. Mdogo asiyejua kuandika achore. Mtoto aliyekabidhiwa mjusi wa ukutani atawaambia mambo ambayo mtu mzima hakuyaona kwa miaka: analala wapi, anakula nini taa ikiwashwa, anampisha nani.

Mwenye simu ya kisasa anaweza kutumia programu ya iNaturalist kwa picha za mimea na wanyama wa aina yoyote, na eBird kwa ndege. Zote mbili ni za bure, na rekodi zenu huungana na za watu wengine zikatumiwa na watafiti. Kenya pia ina mradi wa ramani ya ndege, Kenya Bird Map, uliogawa nchi nzima katika miraba midogo ya takriban kilomita 9 kwa 9. Watu wengi wenye darubini huenda Karen na Karura. Mtu anayetuma orodha kutoka Kayole au Dandora anajaza pengo la kweli. Tahadhari moja: msitangaze mahali hasa palipo kiota cha bundi au tai, na mkipiga picha ya faru mbugani, zimeni kwanza sehemu ya simu inayohifadhi mahali picha ilipopigwa. Majangili nao wana simu.

Mkitaka mwalimu, Nature Kenya, shirika ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1909, huongoza matembezi ya kutazama ndege asubuhi ya Jumatano kutoka Makumbusho ya Taifa, na kila Januari watu wa kujitolea hushiriki hesabu ya ndege wa majini. Shuleni, mwombeni mwalimu afufue klabu ya wanyamapori. Wildlife Clubs of Kenya ipo tangu 1968 kwa ajili hiyo hasa. Wikendi, ile Arboretum ya karibu na Ikulu, iliyoanzishwa mwaka 1907, au City Park kule Parklands, panafaa hata kwa familia yenye mtoto anayejifunza kutembea. Karura ni kubwa zaidi, zaidi ya hekta 1,000, na humo kuna mbega weusi kwa weupe, paa wadogo na tai wanaowinda kima. Angalieni ada kwenye eCitizen kabla ya kutoka nyumbani, kwa maana hubadilika.

Hatua ya 2: Acheni kinachoua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hatua hii haigharimu karibu chochote na ndiyo inayorukwa zaidi.

Anzeni na sumu ya panya. Ile inayouzwa stejini mara nyingi haimuui panya siku ileile. Humfanya avuje damu kwa ndani, na kwa siku kadhaa anazunguka akiwa mlegevu, mchana kweupe, mahali pa wazi. Bundi, mwewe, nguchiro na paka wa jirani humkamata kwa urahisi, na sumu inahamia kwao. Kwa hiyo mtaa unaotumia sumu kwa wingi unawaua wale wale ambao wangewapunguza panya bure. Badala yake, zibeni matundu kwa saruji na wavu wa chuma, wekeni mapipa yenye vifuniko vinavyofunga, hifadhini unga na maharagwe kwenye ndoo, na tumieni mitego ya kubana iliyowekwa ndani ya kisanduku chenye tundu dogo. Mitego ya gundi iacheni kabisa. Hunasa mijusi na ndege, nao hufa polepole.

Bundi mwenyewe anahitaji utetezi. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba akilia juu ya nyumba kuna msiba unakuja, na mpaka leo watu humpiga mawe. Msiwadharau wazee kwa imani hiyo. Zungumzeni nao kwa heshima: "Shosho, huyu ndiye anayewala panya walioharibu mahindi yetu." Mkipata matapishi ya bundi chini ya mti, yale mabonge makavu ya kijivu, yapasueni kwa kijiti mbele ya watoto na wazee. Mifupa na mafuvu ya panya yaliyomo husema yenyewe.

La pili ni chakula kwa nyani, kima na tumbili. Kumrushia kima ndizi City Park kunaonekana ni upole. Kima aliyezoea kulishwa hupoteza hofu, hunyang'anya mtoto mkate, kisha siku moja anapigwa, anawekewa sumu au anashtakiwa kuwa msumbufu mpaka aondolewe. Magonjwa nayo hupita kati yetu na wao, kwenda na kurudi. Wanaoishi Lavington, Runda au karibu na Karura wafunge madirisha ya jikoni, wafunge mapipa kwa kamba ya mpira na wachume matunda yaliyoiva mapema. Kima akikosa faida mara kadhaa huacha kuja.

La tatu ni mbwa na paka. Mbwa asiyechanjwa anaweza kuwaambukiza wanyamapori kichaa cha mbwa na magonjwa mengine, na mbwa wanaozurura kando ya mbuga huwinda. Chanjeni kila mwaka, muwafunge usiku, na msituni mtembee nao wakiwa kwenye kamba. Paka akilala ndani usiku, ndege na mijusi ya ua wenu watapumua.

Vioo navyo vinaua. Ndege anaona mti uliomo kwenye kioo, anauendea. Kwenye dirisha linalogongwa mara kwa mara, bandikeni upande wa nje vipande vidogo au vitone vilivyoachana sentimita 5 hivi. Taa za nje zisizo na kazi zimeni saa nne usiku. Wadudu wengi hufa wakizizunguka, na ndege wanaosafiri gizani hupotea njia.

Plastiki mnaijua. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 haturuhusiwi kuingia mbugani na misituni na chupa za maji za kutupwa. Kazi iliyobaki ni ile ya kila siku: msichome taka, na msitupe nyuzi za kusukia nywele wala kamba nyembamba ovyo, kwa sababu hunasa miguu ya ndege.

Hatua ya 3: Fanyeni nyumba yenu ikalike

Maji kwanza. Chukueni sahani pana ya udongo au kifuniko cha ndoo, kisizidi sentimita 5 kwa kina, mweke mawe machache yanayotokeza juu ya maji ili nyuki na ndege wadogo wasimame. Kiwekeni mahali palipo juu kidogo, mbali na kichaka ambacho paka anaweza kujificha. Badilisheni maji kila siku au kila baada ya siku mbili. Mbu huchukua kama wiki moja kukua kutoka yai hadi kuruka, hivyo mkibadilisha kwa wakati hamfugi mbu. Mwezi wa Januari na Februari, joto likikaza, sahani hiyo itawaletea wageni wengi kuliko chakula chochote.

Wa ghorofani wanaweza kupanda mshubiri kwenye ndoo iliyotobolewa. Ukichanua, chozi hufika hata ghorofa ya juu. Wenye ua waache kona moja bila kufyeka, yenye majani makavu na gogo linalooza. Vinyonga, vyura na kalunguyeye huishi kwenye vurugu kama hiyo. Msimamizi wa ploti akilalamika kwamba panaonekana pachafu, pangeni mawe kuzunguka kona ile ili ajue ni makusudi. Hilo hufanya kazi kuliko hotuba.

Dawa za kunyunyizia bustani zipunguzwe hadi pale pasipo budi. Anayeua kila mdudu anawanyima ndege chakula cha makinda.

Hatua ya 4: Pandeni michache, muitunze

Udongo wa Nairobi si mmoja. Magharibi, kuanzia Westlands hadi Karen, ni mwekundu, unapitisha maji na unasamehe makosa. Mashariki, kuanzia Embakasi hadi Ruai, ni ule mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Miche mingi hufa kwa sababu mtu wa Embakasi alipewa mche wa Karen.

Kwenye udongo mwekundu pandeni mukinduri, muringa, muthiga, mutamaiyu au muiri. Ndivyo wauza miche wengi wanavyoiita, hata wasiokuwa Wakikuyu. Kwenye udongo mweusi mgunga wa gome la manjano hustahimili maji yanayotuama, na ndege wakubwa huupenda kwa viota. Mugumo ni hoteli na soko la ndege na popo kwa pamoja, lakini mizizi yake ni mikali. Upandeni mbali sana na ukuta, bomba na tangi la maji taka. Mikaratusi msiipeleke karibu na mto, kwani hunywa maji mengi.

Nunueni miche kwenye kitalu cha Huduma ya Misitu (KFS), au kwa wauzaji wa kando ya barabara mnaowaamini. Mche mzuri ni mnene shinani na una mizizi isiyojizungusha chini ya karatasi yake ya plastiki. Mrefu mwembamba uacheni, hata kama ni wa bei nafuu.

Pandeni mvua ikishalowesha ardhi vizuri, yaani mwezi wa Aprili kwa mvua ndefu au mapema Novemba kwa mvua fupi. Sikukuu ya Mazingira ya tarehe 10 Oktoba huja kabla mvua haijatulia, kwa hiyo itumieni kuchimba mashimo. Kazi yenyewe ni hivi:

1. Chimbeni shimo la futi 2 kwa 2. Udongo wa juu uwekeni upande mmoja, wa chini upande mwingine.
2. Changanyeni udongo wa juu na ndoo moja ya mbolea ya samadi iliyooza vizuri.
3. Kateni karatasi ya mche na kuiondoa yote. Nimeshuhudia sherehe nzima ambapo miche ilipandwa na karatasi zake.
4. Simamisheni mche, rudisheni udongo, kanyageni kwa mguu taratibu, mwagilieni.
5. Tandazeni nyasi kavu kuzunguka, zisiguse shina.
6. Zungushieni miiba au fito dhidi ya mbuzi na mipira ya watoto.

Kila mche uandikiwe jina la nyumba inayoutunza. Lita 10 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, kwa misimu miwili ya kwanza, ndizo zitakazoamua kama mlipanda mti au mlifukia mche. Kikundi cha nyumba kumi kinaweza kutunza miche 20 kwa uhakika. Atakayewaletea miche 500 ya bure, mshukuruni, chukueni 20 na muielekeze iliyobaki kwa shule za jirani.

Hatua ya 5: Mto

Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukiwa maji safi yenye matete. Ukifika Korogocho umebeba uchafu wa jiji zima. Hata hivyo vijana wa Korogocho waliligeuza dampo la ukingoni kuwa bustani, na Michuki Park karibu na Globe ilikuwa jalala kabla ya kusafishwa. Inawezekana.

Kabla ya siku ya usafi, muoneni chifu na balozi wa nyumba kumi, kisha ofisi ya mazingira ya kaunti kwenye wadi yenu. Ulizeni swali moja kabla ya mengine yote: lori la taka litakuja saa ngapi? Bila jibu la maandishi au simu ya dereva, ahirisheni. Magunia yaliyoachwa ukingoni hurudi mtoni na mvua ya kwanza, na majirani hawatakuja mara ya pili. Tarehe nzuri ni mwanzoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba, kabla mvua haijasomba kila kitu kwenda Athi.

Kila mtu avae gamubuti na glavu nene. Watoto wasiingie majini hata kidogo. Kuna vioo, sindano na maji taka, na mkojo wa panya huleta homa mbaya kupitia vidonda. Wao wapange, wahesabu na waandike: chupa ngapi, nepi ngapi, vitambaa vingapi. Chupa ngumu na chuma huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa mtaani, na fedha hizo hununua glavu za awamu ijayo. Mwenye kidonda wazi abaki juu. Anga likiwa jeusi upande wa Kikuyu na Limuru, ondokeni, hata kama kwenu jua linawaka. Maji hushuka ghafla.

Jambo moja nalisisitiza kila mara kwa sababu linauma. Watu wakishika panga kando ya mto hufyeka kila kijani, wakidhani usafi ni ardhi tupu. Matete na mafunjo ndimo kwera wanamosuka viota vyao na vyura wanamotagia, na mizizi yake huchuja maji na kushika ukingo usiporomoke. Ondoeni plastiki iliyonasa, muache mmea. Kinachofaa kung'olewa ni lantana na magugu mengine ya kigeni yanayoziba njia, tena kwa mizizi, kidogo kidogo, mkijaza pengo kwa mimea ya kienyeji kabla gugu halijarudi.

Baada ya miezi michache, rudini na daftari la hatua ya 1. Kereng'ende wakionekana kwa wingi kuliko awali, maji yanapata nafuu.

Hatua ya 6: Mnyama akiwa hatarini, au mkiwa hatarini ninyi

Andikeni nambari ya dharura ya KWS ukutani jikoni leo, mkiitoa kwenye ukurasa wao rasmi au langoni mwa mbuga. Nambari mliyotumiwa kwenye WhatsApp huenda ni ya zamani.

Kinda lenye manyoya likikaa chini halijapotea. Wazazi wako karibu. Fungieni paka, ondokeni, tazameni kwa mbali. Lililo uchi lirudisheni kiotani. Ndege aliyeumia mfunikeni kwa leso, mumweke kwenye boksi lenye matundu, gizani, kimya. Msimpe mkate wala maziwa. Pigeni simu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyamapori bila leseni, hata kwa nia njema, kwa hiyo msikae naye.

Nyoka akiingia, toeni watoto na mbwa, mtu mzima mmoja abaki akimwangalia kutoka mbali ili ajulikane alipo, na mwite wataalamu. Wengi wanaoumwa huumwa wakijaribu kumuua. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisisogezwe, pete na saa zivuliwe, apelekwe hospitali mara moja. Msikate, msinyonye, msifunge kamba. Ukiumwa au kukwaruzwa na popo, kima au mbwa usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukachomwe chanjo siku hiyohiyo.

Simba au chui akionekana Rongai, Lang'ata au Kitengela, hatari kubwa ni umati. Machi 2016 simba aitwaye Mohawk alitoka mbugani akafika Isinya, akazingirwa na watu, akamjeruhi mtu mmoja, kisha askari wakampiga risasi. Kazi ya jirani mwema ni kuzuia hilo: waingizeni watu ndani, zuieni boda boda, toeni taarifa ya mahali kwa KWS pekee, na msitume mahali hapo kwenye makundi ya simu.

Wafugaji wa upande wa kusini, ambako mbuga haina ua ili wanyama wapite kwenda tambarare za Athi-Kapiti, wana njia iliyobuniwa na mtoto wao. Richard Turere, kijana Mmasai aliyekulia Kitengela, aliunganisha balbu za tochi na betri ya sola zikawa zinamweka kwa zamu kuzunguka boma, na simba wakadhani kuna mtu anazunguka. Alilieleza hilo jukwaani Marekani mwaka 2013 akiwa bado mvulana wa shule. Fundi yeyote wa redio anaweza kuwaundia. Mkiweza pia kuacha njia kwenye ua wa mashamba yenu, pundamilia na nyumbu watapita bila kuvunja kitu.

Hatua ya 7: Andikeni barua

Miti na vinamasi vya jiji hili huokolewa pia kwa karatasi. Karura ingekuwa majumba leo kama Wangari Maathai na wenzake wasingesimama kidete mwaka 1999, na ule mugumo wa Waiyaki Way ulibaki Novemba 2020 kwa sababu wananchi walipiga kelele barabara ya juu ilipotaka kuupitia.

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inawapa haki ya mazingira safi. Mradi mkubwa ukikaribia mto au msitu wenu, tangazo la mamlaka ya mazingira (NEMA) kuhusu tathmini ya mazingira huchapishwa magazetini, na umma hupewa siku 30 kutoa maoni. Mpeni mtu mmoja kikundini kazi ya kusoma matangazo hayo kila wiki. Barua iwe fupi: ninyi ni nani, mnaishi wapi, nini kitapotea, mnataka nini kibadilishwe. Ambatisheni kurasa za daftari. "Kwera 40 walitaga hapa Mei, tazama tarehe" ni vigumu kupuuza kuliko "tunapenda mazingira". Tieni sahihi majirani wote walio tayari, pelekeni nakala mbili, na msiondoke kaunta kabla nakala yenu haijapigwa mhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe.